KATUNI ILIYONIUMBUA!

Wiki hii sina habari za mapenzi wala mitindo ya nywele. Leo nataka kuungama. Nina dhambi ya miaka mingi moyoni, na chanzo chake ni sura ya katuni. Usicheke, soma kwanza!

Ilikuwa likizo ya Desemba 2013. Nilikuwa na miaka 13, nimemaliza darasa la saba, najiona mkubwa kama baba mwenye nyumba. Binamu yangu anayeishi Uingereza akaja kwetu Magomeni na mashine ya gemu iitwayo Wii, zile za mwanzo zinazomeza pia diski za GameCube, mashine iliyoitangulia. Diski zenyewe zilikuwa mbili, zote za mfululizo mmoja, The Legend of Zelda. Shujaa wa zote mbili anaitwa Link, mwenye upanga na ngao.

Lakini sura zake sasa, weee! Kwenye ile inayoitwa Twilight Princess, Link ni kijana mrefu, uso mkavu, anapanda farasi na kugeuka mbwa mwitu. Dunia yake ina rangi za kijivu na kahawia kama jioni ya mvua. Kwenye ile nyingine, The Wind Waker, Link ni kitoto chenye kichwa kikubwa, miguu mifupi, na macho kama ya paka aliyeona samaki. Bahari ni ya bluu, majani ya kijani, mawingu yamekaa kama mandazi.

Siku hiyo washkaji zangu wanne wakaingia sebuleni bila hodi. Mmoja akatazama TV yetu ya chogo, akauliza, "Hii katuni ya nani?"

Bila haya nikajibu, "Ya huyo dogo."

Nikamnyooshea kidole mdogo wangu wa kike, miaka 8, ambaye alikuwa ameshika pedi anafukuza nguruwe wa kwenye gemu ufukweni huku anacheka peke yake. Kumbe nusu saa nyuma nilikuwa nimekaa naye, tunapokezana! Masela wakaangua kicheko. Tukatoa diski yake, tukaweka ya mbwa mwitu. Mtoto akaweka pedi chini taratibu, akaenda jikoni kwa mama. Likizo nzima hakuomba tena.

Sasa sikia siri. Usiku watu wakishalala, mimi huyo huyo nilikuwa nafungua mlango wa sebule, nazima sauti ya TV, naweka ile ile katuni. Mpaka saa nane!

KASHESHE LA JAPANI

Baadaye nilipoanza kufuatilia habari za gemu, nikagundua kwamba ugonjwa wangu ulishawapata watu wazima na ndevu zao, miaka 12 kabla.

Agosti 2000 kampuni ya Nintendo ya Japani ilifanya maonyesho yake yaliyoitwa Space World. Ili watu waonje nguvu ya GameCube ambayo ilikuwa bado haijatoka, ilionyesha kipande kifupi cha Link akipigana kwa panga na adui yake mkubwa, Ganondorf. Uso wa mtu mzima, cheche zinaruka. Wapenzi wa gemu wakarudi nyumbani wanahesabu siku.

Agosti 2001, maonyesho yale yale, pazia likafunguliwa. Akatokea nani? Kitoto chenye macho ya paka! Wapo waliopenda, lakini waliochukia ndio waliosikika. Walihisi wamechezewa shere.

Ufundi wenyewe ni huu. Kwa kawaida kompyuta ikichora mtu, mwanga unafifia polepole kutoka shavu lenye jua hadi shavu lenye kivuli. Wachoraji wa The Wind Waker waliiamuru ikate: hapa mwanga, hapa kivuli, katikati hakuna longolongo. Matokeo yake mwili unaonekana umepakwa rangi kwa mkono. Mtindo huo umepewa jina kutokana na seli, yale makaratasi ya plastiki angavu yaliyotumika zamani kuchorea filamu za katuni. Wenye hasira wakachanganya jina la seli na la Zelda, wakaibatiza gemu "Celda". Ilikuwa kejeli, si sifa.

Gemu ikatoka Japani Desemba 2002, ikafika Marekani na Ulaya mwaka 2003. Ikauza takriban nakala milioni 4.4. Si haba, lakini Ocarina of Time, kaka yake wa mwaka 1998, ilikuwa imeuza takriban milioni 7.6. Eiji Aonuma, kiongozi wa watengenezaji, alieleza mwaka 2007 kwamba alikuwa akiandaa gemu nyingine ya sura ile ile ya katuni, lakini tawi la Marekani likamwambia mauzo kule yamezorota kwa sababu watu wanaiona ni ya watoto. Akageuza usukani. Mei 2004 huko Los Angeles ikaonyeshwa filamu fupi ya Link mtu mzima juu ya farasi, ukumbi mzima ukalipuka kwa shangwe. Hiyo ndiyo Twilight Princess, iliyotoka mwaka 2006 na kuuza zaidi ya milioni 8.

Hapo ukiniuliza harakaharaka nitakwambia: sura ya katuni ilifukuza wateja, sura ya kikubwa ikawarudisha. Kesi imekwisha.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Kesi haijaisha, ndugu yangu. Ocarina of Time iliuzwa kwa wenye mashine ya Nintendo 64, ambazo ziliuzwa karibu milioni 33. GameCube ziliuzwa karibu milioni 22 tu, kwa sababu zama zile PlayStation 2 ilikuwa imeteka dunia. Sasa gawanya. Ocarina ilipata kama watu 23 katika kila wenye mashine 100. Katuni yetu iliyotukanwa ilipata kama 20. Tofauti ipo, ila si ile ya kuangua kilio! Na Twilight Princess iliuzwa zaidi kwa wenye Wii, mashine iliyokuja kuuza zaidi ya milioni 100. Duka likiwa sokoni Kariakoo, halilingani na genge la uchochoroni hata kama bidhaa ni ile ile.

Kwa hiyo sisemi sura haina kazi. Ina kazi kubwa, maana sura ndiyo inayosimama mlangoni kuchagua nani aingie. Mtu hajagusa pedi, hajui gemu ni ngumu au rahisi, anachokiona ni picha kwenye kasha. Na mimi naona picha ile ya katuni haikuwakimbiza wote. Dogo wa miaka 8 hana tatizo nayo. Baba yangu alisimama nyuma ya kochi akaitazama ile bahari dakika kumi, akasema, "Hii imechorwa." Lilikuwa ni neno la sifa. Aliyekimbia ni mimi, wa miaka 13, niliyetoka utotoni juzi na niliyeogopa kurudishwa. Tatizo langu halikuwa picha. Tatizo lilikuwa nani ananiona nikiitazama.

MACHO YALE YALIKUWA NA KAZI

Ucheze sasa uone. Yale macho makubwa hayakuwekwa kwa urembo. Link akipita karibu na kitu cha maana, kichwa na macho yake vinageuka kukitazama, na wewe unajua pa kwenda bila kuandikiwa. Na kwa sababu uso umechorwa kwa mistari michache, hofu, aibu na furaha unavisoma ukiwa umbali wa kochi, hata kwenye TV ya chogo.

Halafu hadithi yenyewe. Siku Link anatimiza umri wa kuvaa nguo za kishujaa, ndege mkubwa anamnyakua mdogo wake wa kike. Anapanda meli ya maharamia kwenda kumtafuta. Meli inaondoka, bibi yake amesimama ufukweni anazidi kuwa mdogo, naye Link anapunga mkono. Hasemi neno, Link huwa hasemi, lakini uso ule unasema yote. Saa saba usiku, sauti imezimwa, nikamwona kaka anayevuka bahari kwa ajili ya mdogo wake. Wangu mimi alikuwa amelala chumba cha pili, na nilikuwa nimemkana mbele ya masela.

Muda ukaja kuamua. Picha inayojitahidi kufanana na mtu halisi huchakaa haraka, kwa sababu kila mwaka inakuja mashine inayofananisha zaidi. Iliyochorwa kwa umbo na rangi haishindani na yeyote. Mwaka ule ule wa 2013 Nintendo iliitoa The Wind Waker upya kwa mashine ya Wii U, na ile sura ikasimama vizuri tu. Mwaka 2017 ikaja Breath of the Wild, Link si kitoto tena, lakini kivuli cha kukata kimerudi na milima inaonekana kama imepakwa rangi za maji. Hiyo imepita milioni 30! Mshkaji aliyecheka kuliko wote pale sebuleni ndiye aliyenipigia simu kunisifia "michoro yake bomba". Nikawa mpole.

Mdogo wangu sasa yuko chuo. Mwezi uliopita nilimfuata nikamwambia ukweli wote, kwamba ile gemu aliyonyang'anywa mimi niliimaliza usiku peke yangu.

Akanitazama, akatabasamu kidogo. "Kaka, nilikuwa naona mwanga chini ya mlango," akasema. "Nilikuwa nasubiri uniite."

Msomaji wangu, hapo sikuwa na jibu. Nimetafuta ile diski, nimeipata kwa mtu kwa bei ya kuumiza, na mashine ya kuazima ipo. Jumamosi hii tunaanza upya, sebule ile ile, mlango wazi, sauti juu. Masela wakipita, waingie tu, ila pedi ya kwanza anashika yeye.

Tukutane wiki ijayo.