Huku Mtu wa Kuja, Kule Mtu wa Kuondoka

Akina mama wenzetu, tuanze na siku ambayo hakuna kati yetu apendaye kuitaja. Ni ile siku wageni wa msiba wanapoanza kuaga. Turubai limeshushwa, sufuria za kuazima zimerudishwa kwa majirani, na wazee wa ukoo wamebaki wameketi chini ya mparachichi. Ndipo mmoja wao, mara nyingi kaka au mdogo wa marehemu, anapokohoa na kusema, "Shemeji, pole sana. Sasa tuzungumze habari ya shamba."

Mama aliyelilima shamba hilo miaka ishirini, anayejua ni kona ipi inatuamisha maji na ni mgomba upi ulipandwa mwaka gani, anaambiwa kwamba hilo ni shamba la ukoo na yeye ni mtu wa kuja. Akikumbuka kwao alikozaliwa, huko nako aliambiwa tangu utoto kwamba binti ni mtu wa kuondoka, na ardhi ni ya kaka zake. Huku ni wa kuja, kule ni wa kuondoka. Basi mwanamke huyu ni mwenyeji wa wapi?

Swali hili linatuhusu sana sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Mkoa wa Njombe ulitoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ulitoka Mbeya mwaka 2016, lakini mila zetu hazikugawanyika pamoja na mikoa. Nenda Rungwe kwenye migomba na chai, nenda Kyela kwenye kakao na mpunga, panda Umalila kwenye viazi na pareto, au teremka mabondeni Iringa kwenye vinyungu wakati wa kiangazi: utakuta migongo ya wanawake imeinama. Kinyungu ndicho kinachotupa mboga na mahindi mabichi wakati mashamba ya juu yamekauka. Mama anakilima, anauza mboga, ananunua sare za shule. Lakini ukiuliza ni cha nani, yeye mwenyewe atakujibu, "Ni cha baba watoto."

Mzigo umeachwa njiani

Tusiwe wepesi wa kuwalaumu wazee wetu. Zamani ndugu aliyeshika nafasi ya marehemu alipewa shamba pamoja na wajibu. Alitakiwa kumlisha mjane na kulea watoto kama wake. Hatusemi mila hiyo ilikuwa njema kwa mjane, maana naye alirithiwa kama sehemu ya mali, na tangu mwaka 1971 Sheria ya Ndoa inasema mjane yuko huru kukaa anapotaka, kutoolewa tena, au kuolewa na amtakaye. Tunachosema ni kwamba zamani haki na mzigo vilikwenda pamoja. Siku hizi wapo wanaochukua shamba na kuuacha mzigo pale pale mlangoni.

Ardhi nayo imepanda thamani. Kule Mufindi na Kilolo watu wa mjini wanatafuta mashamba ya kupanda miti ya mbao. Ekari iliyokuwa pori la kuchungia mbuzi leo inatamaniwa. Penye fedha, undugu hupimwa upya. Nao ugonjwa wa UKIMWI, ulioitesa Iringa kuliko mikoa mingi, uliwaacha wanawake wengi wajane wakiwa bado vijana, wenye watoto wadogo wasioweza kuwasemea kwenye kikao cha ukoo.

Lakini wako pia mashemeji waliosimama na wajane na kuwaambia ndugu zao, "Hapa hakuna mtu atakayegusa jembe la mama huyu." Mungu awabariki. Hata hivyo si vema maisha ya mama na watoto yategemee bahati ya kupata shemeji mwema.

Sheria inasemaje?

Hapa wengi wetu tunashangaa, maana sheria imetutangulia. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika Mei 2001. Zinasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawasawa na mwanamume. Ile ya vijiji inaongeza kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi ni batili. Katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu 7, watatu lazima wawe wanawake.

Kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza aliamua kesi ya mama mmoja wa Bukoba aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza. Ndugu wa ukoo alidai mwanamke hana ruhusa ya kuuza shamba la ukoo. Jaji alisema mila hiyo ni ya ubaguzi na inapingana na Katiba, na mauzo yakasimama.

Mbona basi bado tunalia? Sababu mojawapo ni kwamba katika mirathi ya kimila bado zilibaki kanuni zilizoandikwa mwaka 1963. Kanuni hizo hazimpi mjane fungu katika mali ya mumewe maadamu marehemu ana ndugu wa ukoo. Zinasema atatunzwa na watoto wake. Binti naye zinamweka mwisho wa foleni ya warithi. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba zinabagua, lakini haikuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Tanzania ilivunja haki zao.

Kwa hiyo, mama, usingoje siku ya kikao cha ukoo ndipo uanze kutafuta haki. Wakati wa kuitafuta ni huu, mzee akiwa hai, mkiwa mnakunywa chai pamoja.

Jina kwenye karatasi

Karatasi yenyewe inaitwa hati ya hakimiliki ya kimila. Hutolewa na Halmashauri ya Kijiji baada ya mashamba kupimwa na majirani kukubaliana juu ya mipaka. Mbozi ilikuwa kati ya wilaya za kwanza nchini kuijaribu kazi hii. Baadaye, kuanzia mwaka 2014, vijiji vya Ilalasimba, Itagutwa na Kitayawa katika Wilaya ya Iringa vilijaribu upimaji wa kutumia simu, vijana wa kijiji wenyewe wakizunguka mipaka pamoja na wenye mashamba. Kazi hiyo, iliyofadhiliwa na Marekani, ikaenezwa vijiji vingine vya Iringa na hata Mbeya, na wanawake walikaribia nusu ya waliopewa hati. Haikutokea hivyo yenyewe. Kabla ya upimaji, wanawake walikutanishwa peke yao wakaelezwa haki zao, kisha ndipo wapimaji wakapita.

Kuna jambo ambalo wengi hawaelezwi. Mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni umiliki wa pamoja usiogawanyika: mmoja akifariki, shamba linabaki kwa aliye hai. Namna ya pili ni kila mmoja kuwa na fungu lake: mmoja akifariki, fungu lake linaingia kwenye mirathi na ukoo unaweza kukaa kulijadili. Ukiwa mbele ya karani usiseme tu, "Tuandike wote." Uliza mnaandikwa kwa namna ipi. Na kama mume ana mke zaidi ya mmoja, shamba la kila nyumba lijadiliwe lenyewe, tena mapema.

Vipi kulianzisha neno hili bila kuvunja amani? Tunajua si rahisi. Mama akitaja hati, baba anaweza kuuliza, "Kwani unanisubiri nife?" Wenzetu waliofaulu hawakuanza na kifo. Walianza na watoto: tukiandika wote, hakuna atakayewafukuza hawa. Wengine walimwomba mchungaji, padri au mzee wa kanisa azungumze na wanandoa wote kijijini kwa pamoja, ili isionekane ni nyumba moja yenye ugomvi.

Wosia na mabinti

Pale ambapo hati bado haijafika, uko wosia. Hapa tunawaomba akina baba wasome nasi. Wosia wa kimila ulioandikwa hauandikwi kwa penseli bali kwa wino. Kama mwandishaji anajua kusoma na kuandika, anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Kama hajui, wanne. Anayerithishwa asiwe shahidi. Mke aliyeko nyumbani naye ashuhudie. Wosia unaweza kutunzwa na mtu mwaminifu, au kupelekwa RITA.

Na mabinti je? Wengi tunalia tukiwa wajane, lakini tukiwa mama wa mabinti na wavulana tunagawa kama tulivyogawiwa. Tunamwambia binti, "Wewe utapata kwa mumeo." Katika kitabu cha Hesabu, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wazee wote wakadai fungu la baba yao asiye na mwana, na Mungu akasema wanadai kwa haki. Binti aliyepewa hata nusu ekari kwao ana mahali pa kurudi kama ndoa imeharibika, wala hatapigwa akivumilia kwa sababu tu hana pa kwenda.

Ikiwa msiba umekwisha kutokea na shamba limechukuliwa, usitie sahihi wala dole gumba kwenye muhtasari wa kikao usiousoma au kusomewa na mtu unayemwamini. Tunza cheti cha ndoa, tafuta cheti cha kifo, na ufungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Mjane anaweza kuteuliwa msimamizi. Ugomvi wa mpaka au umiliki huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza la Kata, tangu mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katika kata nyingi wapo wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bila malipo.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini limewaponza wengi. Kijijini sote tunaitwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Hati haiandikwi hivyo. Wapimaji wakija, wape jina lako lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kisha orodha ikibandikwa kwenye ofisi ya kijiji, usimtume mtoto akakuangalizie. Pita mwenyewe ukaisome, hata kama una mzigo wa kuni kichwani.