Eclipse, Farasi Asiyewahi Kushindwa

Eclipse alikuwa farasi wa mbio wa Uingereza, aliyezaliwa 1764 na kufa 1789. Alishindana kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, mara 18, na mara zote 18 akatoka wa kwanza. Rekodi hiyo ni nzuri, lakini peke yake isingemfikisha alipofika. Karne ile haikukosa farasi hodari, na hakuna saa ya kuaminika iliyopima kasi yake. Jina lake limedumu kwa sababu ya mambo mawili yaliyotokea baada ya kuacha mbio: uzao wake uliwafunika karibu madume wengine wote, na mwili wake ulipasuliwa, ukapimwa na kuhifadhiwa, hata wanasayansi wa leo bado wanauchunguza.

Farasi wa mbegu ya Thoroughbred, ndio wanaotawala mbio za kasi duniani, walianza kupatikana Uingereza katika karne ya 17 na ya 18. Wafugaji waliwapandisha majike waliokuwa nchini humo kwa madume walioletwa kutoka Mashariki ya Kati na nchi za Waturuki. Madume hao walikuwa wengi, lakini nasaba za kiumeni zilizobaki hadi leo ni tatu tu: ya Byerley Turk, ya Godolphin Arabian na ya Darley Arabian. Huyu wa tatu alinunuliwa Aleppo, Syria, na mfanyabiashara Mwingereza aitwaye Thomas Darley, akapelekwa nyumbani kwao Yorkshire mwaka 1704. Mwanawe aliitwa Bartlett's Childers, mjukuu Squirt, kitukuu Marske, na kilembwe ndiye Eclipse.

Ukoo huo ulinusurika kwa bahati. Bartlett's Childers hakuwahi kushindana hata mara moja. Squirt aliugua kwato vibaya hivi kwamba, kama inavyosimuliwa, amri ilishatolewa auawe, na aliyemwokoa ni mtunzaji wake aliyemwombea kwa mwenye mali. Marske naye hakuthaminiwa. Baada ya mmiliki wake kufariki aliuzwa kwa bei ya kutupa, akawa anapandishwa kwa majike wa kienyeji wa msitu wa New Forest kwa ada ya nusu gini. Gini moja ilikuwa shilingi 21 za Kiingereza. Eclipse alipoanza kuvuma, watu wakamkumbuka baba yake, na ada ya Marske ikapanda hadi gini 100.

Eclipse alizaliwa katika mazizi ya mwanamfalme William, Duke wa Cumberland, mwana wa Mfalme George wa Pili. Tarehe inayotajwa ni 1 Aprili 1764, siku ambayo jua lilipatwa, na jina lake limetokana na tukio hilo. Alikuwa mwekundu wa hudhurungi, mwenye baka refu jeupe usoni na mguu wa nyuma wa kulia uliokuwa mweupe sehemu ya chini. Cumberland alifariki Oktoba 1765, farasi wake wakapigwa mnada, na mtoto huyu akachukuliwa na William Wildman, mfanyabiashara wa nyama wa soko la Smithfield, London. Bei inayotajwa mara nyingi ni gini 75.

Alikuwa mkorofi. Hakupenda kutandikwa, aliuma, na ilifika mahali ikafikiriwa ahasiwe ili atulie. Masimulizi ya zamani yanasema aliyemvunja ukaidi alikuwa jangili mmoja aliyempanda mchana kutwa na kisha kumtumia usiku katika shughuli zake za kuwinda kwa siri. Mkasa huo huenda umetiwa chumvi, lakini mwili wa Eclipse ulivumilia kazi kuliko kawaida, na mbio za wakati ule zilidai uvumilivu huo.

Mbio za karne ya 18 hazikufanana na za leo. Farasi walianza kushindana wakiwa na umri wa miaka minne au mitano, na mashindano makubwa yalikuwa ya duru: farasi hukimbia maili 4, karibu kilomita 6.4, akapumzishwa kidogo, kisha akarudi kukimbia umbali uleule tena, hadi mmoja ashinde duru mbili. Katika mashindano ya Sahani ya Mfalme, farasi wa miaka sita alibeba uzito wa karibu kilo 76, akiwemo mpandaji. Eclipse alishinda Sahani ya Mfalme mara 11.

Mashindano yake ya kwanza yalifanyika Epsom, kusini mwa London, tarehe 3 Mei 1769, akiwa na miaka mitano. Kabla ya siku hiyo Wildman alimfanyia jaribio la faragha. Wacheza kamari wakatuma wapelelezi, wakafika wakati kila kitu kimekwisha. Wanasimulia kwamba walimkuta bibi kizee, wakamuuliza kama ameona farasi. Akajibu kuwa amemwona mmoja mwenye mguu mweupe akikimbia ajabu, na mwingine nyuma yake kwa mbali, ambaye hatamfikia hata wakienda hadi mwisho wa dunia. Habari zikaenea na madau yakaelemea upande mmoja.

Hapo ndipo alipojitokeza Dennis O'Kelly. Huyu alikuwa Mwairishi aliyewahi kubeba machela za matajiri mitaani London, akafungwa kwa madeni katika gereza la Fleet, na humo akafahamiana na Charlotte Hayes, mwanamke aliyekuja kutajirika kwa danguro lake. O'Kelly aliijua kamari. Duru ya kwanza ya Epsom ilipokwisha, Eclipse akiwa ameshinda kwa raha, alijitolea kutaja mapema farasi wote watano wangemalizaje duru ya pili. Utabiri wake ulikuwa kwamba Eclipse atakuwa wa kwanza na waliobaki hawatakuwa popote. Maneno hayo yalisikika kama majigambo ya mlevi, kumbe yaliegemea kanuni. Farasi aliyeachwa na mshindi kwa zaidi ya yadi 240, yaani mita 220 hivi, hakuhesabiwa kuwa na nafasi yoyote. Eclipse aliwaacha wote wanne kwa zaidi ya umbali huo, na O'Kelly akakusanya pesa zake.

Muda si mrefu O'Kelly alinunua sehemu ya farasi huyo kwa gini 650, na baadaye akamalizia sehemu iliyobaki kwa gini 1,100. Kwa jumla ni zaidi ya mara 20 ya bei ya mnadani, na bado alikuwa amenunua kwa bei rahisi.

Eclipse alikimbia kichwa akiwa amekiinamisha, pua karibu iguse nyasi, na waliompanda hawakulazimika kutumia mjeledi. Mpinzani pekee aliyemtia jasho alikuwa Bucephalus, aliyekutana naye Newmarket Aprili 1770. Bucephalus alimkaribia, lakini Eclipse akaongeza mwendo na kumwacha. Baada ya hapo wenye farasi waliona hakuna faida ya kulipa ada ya kushiriki ili washindanie nafasi ya pili, na mara kadhaa Eclipse alizunguka uwanja peke yake kwa kukosa wa kushindana naye. Wacheza kamari nao hawakuwa na wa kumwekea dau dhidi yake. Mwishoni mwa 1770 O'Kelly alimwondoa uwanjani. Waungwana wa Jockey Club, chama kilichosimamia mbio za Newmarket, hawakuwahi kumkubali O'Kelly kuwa mwanachama. Farasi wake waliwashinda uwanjani, lakini mlango wa chama ulibaki umefungwa.

Kama dume la mbegu, Eclipse aliingiza fedha ambazo mbio zisingempa. Watoto wake walioshinda mbio wanahesabiwa kuwa zaidi ya 300. Walikuja wakati mzuri, kwa kuwa Waingereza walikuwa wameanza kuchoshwa na duru ndefu na kupendelea mbio moja fupi ya farasi wachanga wa miaka mitatu. Derby ya Epsom ilianzishwa 1780, na wana wa Eclipse wakaichukua mara tatu katika miaka mitano ya mwanzo: Young Eclipse mwaka 1781, Saltram 1783 na Serjeant 1784. Hata hivyo hakuwahi kuongoza orodha ya mwaka ya madume waliozaa washindi. Kila mara alikuwa nyuma ya Herod au Highflyer, mwana wa Herod.

Mwana wake aliyekuja kuwa na uzito mkubwa zaidi katika nasaba ana jina la kuchekesha. Alikusudiwa kuitwa Potatoes, yaani viazi. Kijana wa zizini, alipoambiwa aliandike jina hilo kwenye sanduku la nafaka, aliandika Pot na kuifuatisha na herufi o nane. Mwenye farasi akafurahi, na vitabu vya nasaba vikamsajili kama Pot-8-os.

O'Kelly alifariki 1787. Mwaka uliofuata Eclipse, ambaye kwato zilikuwa zimeanza kumsumbua, alihamishiwa Cannons, kaskazini mwa London, akiwa amepakiwa ndani ya gari maalumu lililokokotwa na farasi wengine. Wakati ule farasi alitembezwa kwa miguu hata kama safari ni ya siku kadhaa, kwa hiyo kumwona farasi akibebwa na farasi kulikuwa kioja barabarani. Alikufa huko Februari 1789 kwa msokoto wa tumbo, ugonjwa unaoua farasi wengi hadi leo.

Daktari wa mifugo Mfaransa, Charles Vial de Sainbel, aliitwa kumpasua. Sainbel alikuwa akitafuta njia ya kuwashawishi Waingereza waanzishe chuo cha utabibu wa wanyama, kwani nchi yao haikuwa nacho, na mzoga wa farasi mashuhuri kuliko wote ulikuwa fursa. Alipima urefu wa kila mfupa na pembe za viungo, akachapisha matokeo. Mwaka 1791 chuo kikafunguliwa London, yeye akiwa mkuu wa kwanza. Kipo hadi leo kwa jina la Royal Veterinary College.

Katika vipimo vyake, kilichozungumzwa zaidi ni moyo: ratili 14, yaani kilo 6.3 hivi, wakati moyo wa farasi wa kawaida una kilo nne au zaidi kidogo. Uzito huo una maana. Farasi aliyetulia moyo wake hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika; akienda shoti kwa nguvu zote hupita mara 220. Idadi hiyo ya juu haitofautiani sana kati ya farasi hodari na dhaifu, kwa hiyo anayesukuma damu nyingi zaidi ni yule ambaye kila pigo lake hubeba zaidi, yaani mwenye moyo mkubwa. Wengu nao hukamuliwa na kumwaga chembe nyekundu za akiba kwenye mishipa, damu ikawa nzito na yenye kubeba oksijeni nyingi. Kinachobana ni mapafu: akiwa shoti, farasi huvuta pumzi moja kwa kila hatua, hana namna ya kuongeza nyingine katikati.

Mifupa ya Eclipse ilipitia mikono mingi baada ya Sainbel. Umaarufu ulizaa bidhaa bandia, na kwato zilizouzwa au kuonyeshwa kuwa ni zake zilizidi nne, jambo linalotosha kumfanya mnunuzi asite. Kiunzi kinachokubalika kuwa chake kiko katika chuo hichohicho alichosaidia kukianzisha baada ya kufa. Watafiti wa chuo walipoipima upya miguu yake, hawakukuta maumbile ya ajabu. Vipimo vilikuwa vya wastani karibu kila mahali, na huenda huo ndio uliokuwa ubora wake, kwani mfupa mrefu mno au mwembamba mno huleta udhaifu wake.

Nasaba ina hadithi yenye utata zaidi. Karibu asilimia 95 ya madume wa Thoroughbred wana kromosomu Y inayotoka kwa Darley Arabian, na tawi pekee la ukoo huo lililodumu ni la Eclipse. Northern Dancer wa Kanada, Secretariat wa Marekani na Frankel wa Uingereza wote ni wa ukoo wake, baba kwa baba. Hata farasi anayeonekana kwenye uwanja wa Ngong, Nairobi, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni wa ukoo huo. Marekani huwatunuku farasi bora wa mwaka tuzo zilizopewa jina lake, na mbio za Eclipse Stakes hukimbiwa Sandown tangu 1886. Hata hivyo takwimu hiyo ya asilimia 95 husomwa vibaya mara nyingi. Kromosomu Y ina jeni chache sana, nayo huonyesha njia moja tu ya urithi kati ya maelfu. Inaonyesha baba alikuwa nani, lakini haielezi kasi ilitoka wapi.

Utafiti uliochapishwa 2012 katika jarida la Nature Communications ulichunguza jeni ya myostatini, inayodhibiti ukuaji wa misuli, kwa kutumia farasi hai na mifupa ya madume 12 mashuhuri waliozaliwa kati ya 1764 na 1930. Aina ya jeni hiyo inayofaa mbio fupi ilikuwa adimu kwa mabingwa wa karne ya 18 na ya 19, wale wa maili 4. Ilienea baadaye kupitia Nearctic, aliyezaliwa 1954, baba wa Northern Dancer. Kwa upande wa baba, Nearctic ni wa ukoo wa Eclipse. Lakini jeni ya myostatini haimo katika kromosomu Y, na watafiti waliifuatilia hadi kwa jike mmoja wa kienyeji wa Uingereza, wa miaka ya mwanzo kabisa ya mbegu hiyo, ambaye vitabu vya nasaba havina jina lake.