Mashirika ya maendeleo ya jamii (Marekani)

Mashirika ya maendeleo ya jamii (kifupi: CDC) ni mashirika yasiyolenga faida nchini Marekani yanayojenga, kukarabati na kusimamia nyumba za bei nafuu katika mitaa ya watu wenye kipato kidogo. Kwa kawaida kila shirika hufanya kazi katika mtaa mmoja au sehemu moja ya mji, na baadhi ya wajumbe wa bodi yake ni wakazi wa hapohapo. Mbali na nyumba, mengi yanaendesha vituo vya kulelea watoto, mafunzo ya kazi, maduka, bustani na zahanati.

Mashirika haya si mamlaka za nyumba za serikali, wala si makampuni ya ujenzi ya kawaida, kwa kuwa hayana wanahisa na ziada yoyote hurudi katika kazi ya shirika. Hata hivyo yanategemea pande zote mbili: fedha nyingi zinatokana na sheria za serikali, na mikopo inatoka benki.

Chanzo

Katika miaka ya 1930 serikali kuu ya Marekani ilianza kuwasaidia wananchi kununua nyumba kwa mikopo ya muda mrefu. Chombo cha serikali kilichoitwa Home Owners' Loan Corporation, kilichoundwa mwaka 1933, kilichora ramani za miji zilizogawa mitaa kwa rangi nne: kijani, buluu, njano na nyekundu. Nyekundu ilimaanisha hatari kwa mkopeshaji, na mitaa ya Wamarekani Weusi ilipakwa rangi hiyo karibu kila mahali. Federal Housing Administration, iliyoanzishwa mwaka 1934, nayo ilikwepa kudhamini mikopo katika mitaa ya namna hiyo. Hivyo hata mtu mwenye kazi ya uhakika alishindwa kupata mkopo wa kununua nyumba, au wa kutengeneza paa la nyumba aliyokuwa nayo. Baada ya sheria ya nyumba ya mwaka 1949 miji mingi ilibomoa sehemu za mitaa hiyo kwa jina la kuifanya upya, na wengi wa waliohamishwa hawakupata makao mengine ya maana.

Shirika linalotajwa mara nyingi kama mfano wa mwanzo lilizaliwa Bedford-Stuyvesant, mtaa wa Brooklyn mjini New York. Seneta Robert F. Kennedy aliutembelea mnamo Februari 1966. Viongozi wa wakazi, akiwemo Elsie Richardson, walimwambia waziwazi kwamba wamechoshwa na wageni wanaokuja kuwafanyia utafiti na kuondoka. Mwaka uleule Kennedy na seneta mwenzake Jacob Javits waliingiza katika sheria kipengele cha kupeleka fedha za serikali kuu katika mitaa maskini, na mwaka 1967 Bedford Stuyvesant Restoration Corporation ilianza kazi chini ya Franklin A. Thomas, mtoto wa mtaa huohuo ambaye baadaye aliongoza taasisi ya Ford Foundation.

Kazi yake ya kwanza iliyoonekana kwa macho ilikuwa kukarabati sehemu za nje za nyumba: ngazi, nguzo, madirisha na rangi. Vijana wasio na ajira waliajiriwa kuifanya. Kiwanda cha zamani cha maziwa kiligeuzwa kuwa kituo cha maduka na ofisi. Lakini mpango ulikuwa na kasoro tangu mwanzo: uliundwa kwa vyombo viwili, kimoja cha wakazi na kingine cha wafanyabiashara na mabenki kutoka nje ya mtaa, na swali la nani mwenye kauli juu ya fedha lilizua mvutano hadi vilipounganishwa.

Katika miaka iliyofuata mashirika ya aina hii yalienea. Sheria ya mwaka 1977 iitwayo Community Reinvestment Act ilizitaka benki kukopesha pia katika mitaa maskini ya maeneo zinakokusanya amana. Mwaka 1979 Ford Foundation ilisaidia kuanzisha LISC, na mwaka 1982 James na Patty Rouse walianzisha Enterprise Foundation; vyote viwili hukusanya mitaji kutoka makampuni na wafadhili na kuipeleka kwa mashirika madogo ya mitaani.

Pengo la fedha

Ugumu mkubwa wa nyumba za bei nafuu hauko kwenye matofali. Uko kwenye hesabu. Nchini Marekani nyumba huhesabiwa kuwa ya bei nafuu ikiwa familia hailipi zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake kwa ajili ya makazi. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Familia yenye kipato cha dola 30,000 kwa mwaka itaweza kulipa dola 750 kwa mwezi. Tuseme dola 450 kati ya hizo zinakwenda kwenye bima, maji, kodi ya majengo, usimamizi na matengenezo. Zinabaki dola 300 za kulipia mkopo. Kwa riba ya asilimia 6 na muda wa miaka 30, dola 300 kwa mwezi zinabeba mkopo wa takriban dola 50,000. Ikiwa kuijenga nyumba hiyo kumegharimu dola 250,000, pengo ni dola 200,000, na hakuna bidii ya mjenzi inayoweza kuliziba. Ni lazima fedha nyingine zipatikane ambazo mpangaji hatadaiwa kupitia kodi ya pango.

Tangu mwaka 1986 chanzo kikubwa cha fedha hizo ni punguzo la kodi ya mapato kwa wanaowekeza katika nyumba za watu wa kipato kidogo, lililoingizwa katika sheria ya kodi ya mwaka huo wakati wa Rais Ronald Reagan. Serikali kuu huipa kila jimbo kiasi cha punguzo kulingana na idadi ya watu, na jimbo hukigawa kwa ushindani kati ya miradi. Angalau asilimia 10 ya mgao huo lazima iende kwenye miradi ya mashirika yasiyolenga faida.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Shirika lisilolenga faida halilipi kodi ya mapato, kwa hiyo punguzo la kodi peke yake halilifai kitu. Linachofanya ni kuunda ubia na mwekezaji, mara nyingi benki. Mwekezaji hutoa fedha taslimu za ujenzi, na kwa kubadilishana huchukua punguzo la kodi kwa muda wa miaka 10. Kwenye karatasi mwekezaji anakuwa mmiliki wa karibu jengo lote, ilhali shirika linaliendesha. Punguzo la daraja la juu hulipia takriban asilimia 70 ya gharama zinazokubalika, na la daraja la chini, ambalo huambatana na dhamana maalumu za serikali, takriban asilimia 30.

Sehemu inayobaki hutafutwa kwingine: mkopo wa benki, fedha za mpango wa HOME ulioanzishwa na serikali kuu mwaka 1990, mkopo nafuu wa halmashauri ya jiji, kiwanja kilichotolewa bure, msaada wa wakfu fulani. Jengo moja la ghorofa chache linaweza kuwa na wafadhili watano au zaidi, kila mmoja na wakili wake, masharti yake na fomu zake za taarifa. Ndiyo maana mradi huweza kuchukua miaka kadhaa kabla fundi hajafika kiwanjani, na ndiyo maana kazi ya CDC inafanana zaidi na ya mhasibu mwenye subira kuliko ya mwashi.

Dudley Street, Boston

Mfano unaosomwa sana ni wa Dudley Street Neighborhood Initiative (DSNI) katika eneo la Roxbury na Dorchester mjini Boston. Kwa maana kali DSNI si CDC, kwa sababu yenyewe haijengi. Inapanga na kusimamia ardhi, na wengine wanajenga. Lakini historia yake inaonyesha kinachotakiwa kabla ya nyumba kujengwa.

Kufikia miaka ya 1980 mtaa huo ulikuwa na viwanja vitupu vipatavyo 1,300. Wenye nyumba wengi walikuwa wameziacha, na nyingine ziliteketezwa kwa moto ili kudai bima. Makampuni ya nje yalileta taka usiku na kuzimwaga kwenye viwanja hivyo. DSNI ilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Riley Foundation, na katika mkutano wa hadhara wa mwanzo wakazi waliuliza ni wangapi kati ya waliotunga mpango ule wanaishi mtaani hapo. Mpango ulibadilishwa wakazi wawe wengi kwenye bodi. Viti vyao viligawanywa sawasawa kati ya makundi manne ya mtaa, yaani Weusi, watu wenye asili ya Cabo Verde, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na Wazungu, bila kujali kundi lipi lina watu wengi zaidi.

Kampeni ya kwanza, mwaka 1986, haikuhusu nyumba. Ilihusu taka. Wakazi waliilazimisha jiji kufunga vituo vya taka visivyo halali, na ushindi huo ukawapa watu imani ya kudai makubwa zaidi.

Tatizo lililofuata lilikuwa umiliki. Viwanja vya jiji na vya watu binafsi vilichanganyikana, na wamiliki wengi hawakujulikana walipo. Haiwezekani kupanga mtaa juu ya viraka. Mwaka 1988 mamlaka ya uendelezaji ya Boston iliipa DSNI uwezo wa kisheria wa kutwaa, kwa kulipa fidia, viwanja vitupu vya watu binafsi katika sehemu iliyoitwa pembetatu ya Dudley. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kikundi cha wakazi nchini Marekani kupewa uwezo huo. Ni uwezo uleule uliotumiwa na serikali kubomoa mitaa ya aina hii miongo michache kabla yake. Mkopo wa dola milioni 2 kutoka Ford Foundation ulisaidia kununua viwanja hivyo.

Ardhi iliyopatikana iliwekwa chini ya amana ya ardhi ya jamii, iitwayo Dudley Neighbors. Zaidi ya nyumba 200 za bei nafuu zimejengwa juu yake: nyingine za kununua, nyingine za ushirika, nyingine za kupanga. Pia kuna uwanja wa mtaa, mashamba ya mjini na kitalu nyumba kilichojengwa mahali palipokuwa gereji.

Amana ya ardhi ya jamii

Katika mfumo huu ardhi na nyumba hutenganishwa. Amana inabaki na ardhi na kuikodisha kwa muda mrefu, mara nyingi miaka 99. Familia inanunua nyumba iliyo juu yake kwa bei ya chini, na ikitaka kuuza inapata sehemu tu ya ongezeko la thamani, ili mnunuzi anayefuata naye aimudu. Familia inapoteza faida ambayo ingepata kwenye soko huria. Hilo ni pungufu la kweli, na si kila mtu anaona ni haki, hasa watu ambao wazazi wao walinyimwa mikopo. Kwa upande mwingine amana haimwachi mnunuzi peke yake akikwama. Uchunguzi wa mwishoni mwa mwaka 2010, wakati wa msukosuko wa mikopo ya nyumba, ulikuta kwamba chini ya asilimia 1 ya mikopo katika amana za ardhi ilikuwa kwenye hatua ya nyumba kupigwa mnada, ilhali katika soko la kawaida ilizidi asilimia 4.

Amana ya kwanza, New Communities, ilianzishwa mwaka 1969 na wanaharakati wa haki za kiraia, akiwemo Charles Sherrod, kwa ajili ya wakulima Weusi karibu na Albany, Georgia. Wazo lilifika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale makazi ya Tanzania-Bondeni mjini Voi, Kenya, yalipopewa hatimiliki ya pamoja ili viwanja visiuzwe kimojakimoja kwa matajiri wa nje.

Afya ya mtaa

Nyumba mbovu huumiza miili. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za Marekani mwaka 1978, lakini bado imo katika kuta za majengo ya zamani, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Unyevu, ukungu, mende na panya huchochea pumu. Kwa hiyo mashirika mengi hukarabati yakizingatia hewa, unyevu na vifaa visivyotoa kemikali. Enterprise ilitoa vigezo vyake vya ujenzi wa namna hiyo mwaka 2004. Mmoja wa miradi iliyofuatiliwa ni Viking Terrace huko Worthington, Minnesota, ambapo wakazi walihojiwa kuhusu afya zao kabla na baada ya ukarabati, na watu wazima waliripoti kuwa na hali bora zaidi.

Chakula ni sehemu ya suala hilohilo. Huko Newark, New Jersey, New Community Corporation, iliyoanzishwa na padre William Linder baada ya ghasia za mwaka 1967, ilifanikiwa mwaka 1990 kufungua duka kubwa la vyakula la Pathmark katikati ya mji, mahali ambapo wakazi walikuwa wamezoea kununua mboga chache kwa bei ya juu katika maduka madogo.

Ukosoaji

Mwaka 1997 mwanasosholojia Randy Stoecker alidai kwamba mashirika haya ni madogo mno kuweza kubadili uchumi wa mtaa, na kwamba kwa kutegemea fedha za nje yanaishia kumtii mtoa fedha kuliko wakazi. Baadhi yamefilisika, yakiwaacha wapangaji katika majengo yasiyo na msimamizi. Mengine yamefanikiwa kupita kiasi: mtaa uliosafishwa huvutia matajiri, na kodi za nyumba zilizo nje ya mradi hupanda.

Kuna pia suala la muda. Masharti ya punguzo la kodi la mwaka 1986 yalikuwa ya miaka 15. Mabadiliko ya baadaye yaliyaongeza hadi angalau miaka 30. Muda huo ukiisha mmiliki yuko huru kupandisha kodi ya pango, isipokuwa sheria ya jimbo au mkataba wa ardhi umemzuia. Majengo yaliyopata fedha mwanzoni mwa miaka ya 1990 yameshafikia ukomo huo, na shirika linalotaka kuyabakisha nafuu hulazimika kumnunua mbia wake na kutafuta upya fedha za matengenezo, mara nyingi kwa kuomba punguzo lilelile kwa mara ya pili.