Tarakimu iliyopotea njiani

Lori la mahindi likipanda kwenye mizani ya ghala, mizani ikasoma kilo 12,480, kisha stakabadhi ikatoka na kilo 1,480, nani wa kulaumiwa? Katika ghala moja nililolitembelea jibu lilikuwa tayari: karani. Wakulima walimwita mwizi, na wakubwa wake walikwisha kumwandikia barua ya kumtaka ajieleze. Kompyuta haikutiliwa shaka na mtu, kwa kuwa siku nyingi ilisema kweli.

Mizani hiyo iliunganishwa na kompyuta kuukuu kwa waya uingiao katika poti ya siriali, lile tundu la pini 9 lililoko nyuma. Kompyuta za kwanza za IBM, za mwaka 1981, zilitumia la pini 25. Humo tarakimu hazipiti kwa mkupuo. Hupita moja moja, kama watu kwenye mlango mwembamba. Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, hupita herufi 960, yaani kila moja huchukua muda uzidio kidogo sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Mlangoni hapo hukaa chipu. Ile ya zamani, 8250, ina nafasi ya kuweka herufi moja tu iliyokwisha kuwasili. Ikishaipokea huipigia programu hodi: njoo uchukue. Programu ikichelewa, herufi inayofuata huikalia ile ya kwanza, nayo ndiyo imepotea. Sasa, programu ya karani ilipokuwa ikihifadhi hesabu za lori lililotangulia kwenye diski, ilizima hodi zote. Ndiyo maana kosa lilitokea siku za foleni ndefu tu. Fundi wa kwanza alikuja siku tulivu, akabadilisha waya, akalipwa, akaenda zake.

La kusikitisha ni kwamba chipu yenyewe hukiri. Katika rejista yake ya hali, ambayo kwa poti ya COM1 husomwa kwenye anwani 3FD, biti namba 1 huwaka kila herufi inapopotea kwa namna hii. Programu haikuwahi kuuliza. Tena upo mtego: rejista hiyo ikishasomwa, alama ya kosa hufutika. Mwandishi wa programu akiisoma mahali pawili, pale pa kwanza hufagia ushahidi, pa pili hukuta shwari.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa programu, tazama kosa ni la namna gani. Zikija takataka zisizosomeka, aghalabu pande mbili hazikupatana mwendo. Kisipokuja chochote, chomoa waya, unganisha pini ya 2 na ya 3 kwenye tundu la kompyuta, kisha tuma herufi. Ikirudi, poti ni nzima. Mchawi mtafute kwenye waya au kwenye mizani. Zikipungua tarakimu mojamoja, hapo ni kuchelewa.

Wengi hukimbilia kununua chipu ya 16550A, yenye nafasi ya herufi 16. Ni dawa nzuri, lakini nafasi hizo hazifunguki zenyewe. Programu isipoziamuru, chipu mpya hufanya kazi kama ile kuukuu, na fedha imekwenda bure.

Pale ghalani hawakununua kitu. Fundi wa pili alishusha mwendo hadi biti 1,200 pande zote mbili, programu ikapata muda mara nane wa kuchukua kila herufi. Kisha akaongeza mistari michache ya kuiuliza rejista. Kosa likionekana, uzito huo hutupwa na kusubiriwa mwingine, maana mizani ile hutuma mfululizo.

Nilipoondoka, barua ya karani ilikuwa bado imo katika jalada lake.