Fungo, Ngawa au Kanu? Mgeni wa Usiku Nyuma ya Nyumba

Usiku mmoja wa likizo ya Desemba, nyumbani kwetu Kilifi, mbwa wa jirani walibweka hata tukashindwa kulala. Nilitwaa kurunzi nikatoka uani kwa mlango wa jikoni, binamu yangu akinifuata na panga. Chini ya mwembe, palipoangukia maembe yaliyoiva kupita kiasi, yaling'aa macho mawili. Nyuma ya macho hayo palikuwa na mwili mrefu wa kijivu wenye madoa meusi, na manyoya ya mgongoni yamesimama wima.

"Chui!" akanong'ona binamu, panga tayari juu.

Msomaji mpenzi, mimi mwanagenzi wa Kiswahili sikuwa na jina la kumpinga nalo. Ngeli ya mnyama yule niliijua. Jina lake sikulijua. Aliyetuokoa, na kumwokoa mnyama, ni bibi aliyechungulia dirishani: "Wekeni panga, wajukuu wangu. Fungo huyo, afuata maembe."

Fungo hana udugu wa karibu na chui. Uzani wake aghalabu ni kati ya kilo 10 na 15, na kitambulisho chake bora ni utepe mweusi upitao machoni mithili ya barakoa. Yale manyoya ya mgongoni huyasimamisha anapoogopa ili aonekane mkubwa kuliko alivyo; kwa hivyo tulichokiona kuwa ukali kilikuwa hofu. Macho nayo hung'aa kwa sababu nyuma yake mna utando unaorudisha mwanga, kama ilivyo kwa wanyama wengi wa usiku. Hula matunda, wadudu, panya, mizoga, na hata jongoo ambao wanyama wengi huwaepuka kwa sumu yao. Hata hivyo, si wa kushikwashikwa: meno anayo, na mnyama yeyote wa mwituni aweza kuwa na kichaa cha mbwa.

Kanu ni jamaa yake, ila ni mdogo mno, wa kilo mbili hivi, mwembamba, mwenye mkia mrefu wa pete nyeusi na nyeupe. Kanu hupanda miti kwa wepesi ilhali fungo hupendelea kutembea ardhini. Ugumu mkubwa umo katika neno ngawa. Wapo wanaolitumia kwa mnyama yuyu huyu, na wapo wanaoshikilia kuwa ngawa na fungo ni wawili. Kumweleza kuwa ni "mnyama afananaye na paka" hakutoshi kumtambulisha mtu aliyesimama gizani na panga mkononi. Fauka ya hayo, huyu si paka hata kidogo; yeye na kanu wana familia yao.

Jina jingine, paka wa zabadi, lina historia ndefu. Zabadi ni mafuta mazito yenye harufu kali yatokayo kwenye tezi zilizo karibu na mkia, ambayo fungo huyapaka kwenye miti na mawe kuweka alama ya mipaka yake. Yakichanganywa kwa kiasi kidogo huwa manukato. Nchini Ethiopia fungo wamefugwa vizimbani kwa karne nyingi ili wakwanguliwe mafuta hayo, ingawa siku hizi watengenezaji wengi wa manukato hutumia kemikali badala yake. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na Wazungu nao walichota kisimani humo humo: jina walilompa mnyama huyu kwa Kiingereza na Kifaransa limetokana na zabadi hiyo hiyo.

Kulipopambazuka, bibi alitupeleka nyuma ya ua, kwenye kichaka cha mlantana. Fungo huwa na desturi ya kurudi kwenda haja mahali pamoja. Tulikuta rundo la kinyesi, kikavu kwa kibichi, limejaa mbegu na vipande vya magamba ya jongoo. Bibi alisema choo hicho kimekuwapo tangu kabla binamu hajazaliwa.