Ujira na Utu katika Kuhudumia Maiti Kusini mwa Pwani ya Kenya
Wakazi wengi wa Kaunti ya Kwale, hasa Wadigo, ni Waislamu, na kwa hiyo mazishi mengi ya Msambweni, Diani na vijiji vya jirani huandaliwa kwa kufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu kuosha maiti, kumkafini, yaani kumvika sanda, kumswalia na kumzika kuwa faradhi kifaya, wajibu ambao baadhi ya watu wakiutekeleza wengine husamehewa, lakini ukiachwa jamii nzima hupata dhambi.

Hata hivyo, wajibu huo una gharama. Bafta ya sanda, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, pamoja na pamba na kafuri, hununuliwa dukani, na mwoshaji naye aruhusiwa kupokea ujira. Gharama hizo hutolewa katika mali ya marehemu kabla ya wasia na mirathi, na asipoacha kitu, hubebwa na aliyewajibika kumlisha, kisha na Waislamu wenye uwezo.

Lipo lakini lisilolipika. Mwoshaji huanza na upande wa kulia na viungo vya udhu, maiti akiwa amestiriwa kwa shuka, na hutumia maji yenye majani ya mkunazi na kumalizia kwa yenye kafuri. Kovu au kasoro aliyoiona mwilini ni amana asiyoitoa nje, kwani mwosha huoshwa.

Hali ni tofauti kwa wafanyakazi wa hoteli waliotoka bara na kuishi Ukunda, ambao wengi wao ni Wakristo na hupenda kuzikwa kwao. Hapo huingia mhudumu wa mochari, seremala wa majeneza na dereva atakayesafiri mamia ya kilomita, watu ambao chakula cha watoto wao hutoka katika kazi hiyo, na kuwataka waifanye bure ni kuwahamishia msiba. Huruma yao hupimwa kwa namna wanavyotoza: bei itajwe kabla ya kazi kuanza, kila huduma peke yake, aambiwe ndugu aliyetulia badala ya mjane anayelia, na familia iliyoishiwa ionyeshwe jeneza la bei nafuu bila kusubiri iulize.