Kuchagua Kumbukumbu ya Kompyuta
Anayeunda kompyuta ya mezani hana budi kuhakikisha kwanza kwamba vibao vya kumbukumbu vinaafikiana na bodi kuu pamoja na prosesa. Vibao vya DDR4 na vya DDR5 vyote vina pini 288, lakini kwa kawaida DDR4 hutumia umeme wa volti 1.2, na DDR5 volti 1.1. Ndiyo maana mkato wa kila aina umewekwa mahali pake, ili kibao kisiingie pasipofaa. Kikikataa, kisilazimishwe. Aidha, vibao vya kasi mbalimbali vikichanganywa, kwa kawaida vyote hufuata kilicho cha polepole zaidi. Basi, kabla ya kununua, mwanafunzi asome katika kijitabu cha bodi aina, kasi na kiasi cha juu kinachokubalika.